Kamba ya Katani ya Hildegarda

Hildegarda alikuwa fundi wa matairi pale Mikumi, kando ya barabara kuu. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge Kilosa. Binti akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa na Kondo, fundi pancha, na Kondo alipofariki akaiokota jeki yake. Wanaume walimcheka wiki moja. Wiki ya pili walikuwa wamepanga foleni, maana lori likiishiwa upepo halichagui fundi kwa ndevu.

Kondo alimwachia misumari sita ukutani, na kwenye kila msumari kamba ya katani. Kila kamba ilikuwa na gari lake. Unaizungusha kwenye tairi la saizi iliyokuja na gari kutoka kiwandani, unapiga fundo pale ncha zinapokutana. Vidole vitatu mbele unapiga fundo la pili, basi. Tairi jipya likivuka fundo la pili halifungwi, hata liwe limeshushwa na malaika.

Kamba hizo zilitokana na msiba. Mteja mmoja mwenye sauti kubwa alitaka pikapu yake ivalishwe matairi makubwa, Kondo akajua hayafai, akaona aibu kubishana na mwenye gari, akasema, "Haya." Pikapu ilipinduka kwenye mteremko ikaua wawili. Tangu siku ile Hildegarda alilichukia neno "haya" kama wengine wanavyochukia nyoka.

Sasa msikilize huyu Ditram, mdogo wake wa mwisho, kipenzi cha mama. Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilileta magari ya mitumba na ikaondoa watu kazini. Ditram alipunguzwa kazi reli pale Kilosa, kiinua mgongo chake chote akakigeuza Korola nyeupe ya kubeba abiria kati ya Kilosa na Mikumi. Hiyo gari ndiyo ilikuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Siku alipofariki mama mdogo Sesilia kule Kilosa, mama yao Natalia alikuwa Mikumi kwa Hildegarda. Maziko yalikuwa saa kumi. Basi la asubuhi lilishapita, hivyo Ditram akatumwa kuja kumchukua. Saa tano akafika, kapiga honi utadhani ni arusi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Hildegarda alijibu, macho yakiwa kwenye magurudumu. "Hivi ni nini?"

"Rimu za inchi kumi na tano! Nimefungiwa Morogoro. Gari imenyanyuka, mashimo ya njiani pale Masanze naruka tu."

"Za zamani ziko wapi?"

"Nimemwachia fundi."

Bi Natalia alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, khanga mbili, furushi mapajani, machozi hayajakauka. Abiria wengine wanne walijipanga nyuma, mmoja akiwa Sayialel, mfugaji wa ng'ombe, fimbo yake imetokeza dirishani. Hildegarda alikwenda msumarini, akaileta kamba ya Korola, akapiga magoti, akaizungusha kwenye tairi la mbele.

Ncha hazikukutana. Fundo la pili lilibaki nyuma zaidi ya nusu shibiri.

"Ditram, umesoma ubavuni?"

"Nimesoma. La zamani lilikuwa mia na sabini na tano, sabini, rimu kumi na tatu. Hili ni mia na tisini na tano, sitini na tano. Sitini na tano si ndogo kuliko sabini? Kwa hiyo tairi ni fupi, dada. Hesabu ndogo hiyo."

"Ndogo kama akili yako! Sitini na tano si urefu, ni asilimia ya upana. Upana umeongeza, kwa hiyo ubavu nao umepanda, na rimu umeongeza juu yake. Rimu likikua, nyama ya tairi lazima ipungue, ili gurudumu zima libaki lilelile. Wewe umekuza vyote! Na mshale wako wa spidi sasa unakudanganya. Ukisoma sabini pale mbugani, unakwenda karibu themanini, na tembo hasomi mshale."

"Dada, unanivunjia heshima mbele ya abiria. Nimetoka nalo Kilosa salama."

"Ulikuwa na nani ndani?"

"Peke yangu."

"Peke yako! Gari la Kilosa linapimwa tupu? Lini umebeba hewa? Haya ingia, kata usukani mpaka mwisho, vuka mtaro huu na watu wako."

Alipotamka "haya" alilisikia mwenyewe, akazidi kukasirika.

Ditram aliwasha, akakata usukani, akashusha gurudumu mtaroni. Gari lilizama kwa mzigo wa watu sita, na chini ya bodi kukatoka sauti kama ya mtu anayesaga mchanga kwa meno. Alipotaka kunyoosha, usukani ukagoma, kisha ukaachia ghafla. Vipande vyeusi vya mpira vikadondoka mtaroni.

"Ng'ombe akichechemea hatumpeleki mnadani," alisema Sayialel, akafungua mlango, akashuka na fimbo yake.

"Ni kidogo tu!" Ditram alifoka. "Itajichonga yenyewe. Maziko saa kumi, dada! Unataka mama asimzike mdogo wake kwa ajili ya kamba?"

"Mwache mwanangu aendeshe," alisema Bi Natalia bila kushuka. "Hildegarda, toka mbele ya gari."

Hapo ndipo hasira zilipompanda Hildegarda mpaka utosini. Hakutoka. Aliinama, gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, la nne, akachomoa vipini vya valvu kimoja kimoja, upepo ukalia fyuuu kama nyoka wanne. Akavifunga vipini kwenye pindo la khanga.

"Mama, nitukane. Gari hili haliondoki."

Bi Natalia hakutukana, na afadhali angetukana. Alishuka, akajitwika furushi, akasimama barabarani mpaka lori la mahindi likamchukua. Alifika Kilosa watu wanakung'uta udongo mikononi. Akamwekea binti yake kiapo cha kimya.

Korola ilikaa juu ya magogo siku tisa. Ditram aliondoka na basi kwenda Morogoro, rimu zake zimefungwa juu, kamba ya katani shingoni kama rozari. "Mwambie huyo fundi wako," Hildegarda alimfokea dirishani, "rimu kumi na nne, mia na themanini na tano, sitini. Hiyo kamba itakubali. Na ile namba ya mzigo ubavuni isishuke chini ya themanini na mbili. Akikuletea tairi la ubavu mfupi wa hamsini kwa hiyo rimu ya kumi na tano, kataa, shimo la kwanza la Masanze litakunja rimu!"

Alirudi na matairi hayo hayo, kamba ikarudi msumarini. Hildegarda aliyafunga bila kumsemesha, akalijaza gari watu wa kijiweni, akalivusha mtaroni mara tatu. Kimya. Hakuna kilichogusa.

Arobaini ya Sesilia ikafika. Bi Natalia, aliyekuwa amerudi Mikumi na kula ugali wa binti yake kwa siku zote hizo bila kumwambia hata "pokea sahani", alitoka ndani amevaa. Ditram akamfungulia mlango wa mbele. Mama hakuingia. Alimtazama mwanawe, akaitazama Korola, akaelekeza kidole ukutani.

"Kamba kwanza," alisema.

"Mama, dada alishaipima hii."

"Nimesema nini? Mwite dada yako aizungushe nikiona."

Hildegarda alikuja akijifuta grisi, bado amenuna, akapiga magoti. Kamba ikakutana kabla ya fundo la pili, ndipo mama akaingia garini.