Kitako Kisicho na Askari

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba gundi bado imenikauka vidoleni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi na wazazi wangu katika kambi ya polisi pale Kasese, Uganda. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini mwa nchi, na Uhuru ulikuwa bado na miaka michache tu. Mikono yangu ilikuwa myepesi kwa kazi ndogondogo, na sifa zilikwisha kunipanda kichwani.

Mhandisi mmoja Mzungu wa mgodi wa shaba alikuwa na vijiaskari vya madini ya risasi, kila kimoja kirefu kama kidole gumba. Jumapili yeye na wenzake walivipanga mezani wakapigana vita vya mchezo, wakirusha dadu na kupima hatua kwa rula. Usicheke, watu wazima nao wana michezo yao. Kila kijiaskari kilisimama juu ya kitako, kipande cha mbao cha mviringo, na yule bwana aliniomba nivipambe vitako arobaini vifanane na jangwa la Afrika ya Kaskazini, kule Waingereza walikopigana na Wajerumani.

Jangwa! Mimi nilikuwa nimelisikia kanisani tu. Lakini sikuuliza mtu. Nilichekecha mchanga wa mto mpaka ukawa laini kama unga, nikaubandika, nikaupaka rangi ya ndizi mbivu. Nikavianika mbele ya nyumba, nikawa navitazama kama mzazi anavyotazama mapacha wake.

Mzee Thembo, mlinzi wa geti la kambi, akapita akainama.

"Binti, hii ni nini?"

"Jangwa, Mzee."

"Hapana. Hii ni mchanga ya kupiga lipu. Jangwa hapana iko hivi."

Nikamjibu, tena kwa sauti majirani wasikie: "Mzee, kazi yako ni kufungua geti. Jangwa utalijulia wapi?"

Watu wakacheka. Ukubwa ni jalala, mwanangu. Mzee alilipokea tusi langu, akarudi getini kwake taratibu.

Baba alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Hakunipiga, na ingekuwa heri angenipiga. Alisema, "Yule mzee alikuwa jeshini wakati ya vita kubwa. Hiyo jangwa unapaka rangi, yeye alilala ndani yake miaka mbili. Alizika watu huko. Kwenda omba msamaha. Sasa hivi!"

Nilipiga magoti getini mbele ya watu wale wale waliocheka. Mzee Thembo aliniinua kwa mkono. "Simama, binti. Jumamosi niko na ruhusa. Tutaenda Muhokya."

Kule Muhokya, kwenye ardhi ya chokaa, alinifundisha kuokota vijiwe. Jangwa lake halikuwa mchanga laini. Lilikuwa mawe, kokoto na vumbi jeupe. Tuliporudi, alinionyesha kubandika kwanza vijiwe, kisha changarawe, kisha vumbi. Akaniambia nichovye brashi katika rangi hafifu, niifute kwa kitambaa mpaka ikaribie kukauka, ndipo niipitishe juu juu, ncha za mawe tu zishike weupe. Nikafanya. Kisha akaniambia niinamishe jicho mpaka usawa wa meza.

Mwanangu, nilisahau kupumua. Juu ya kibao kisichozidi kifuniko cha chupa niliona nchi nzima, pana, iliyoungua, isiyo na mtu wa kukusikia ukiita. Nikamtazama yule mlinzi wa geti, nikaogopa, kwa kuwa nchi hiyo yote alikuwa ameibeba kimya miaka yote aliyokuwa akitufungulia geti.

Kitako cha mwisho alikitengeneza mwenyewe. Alikipa rundo dogo la mawe katikati.

"Hapa usiweke askari."

"Kwa nini, Mzee?"

"Hapa iko Bwambale."

Bwambale alikuwa rika lake. Waliondoka pamoja kwao Bwera, mpakani na Kongo, kwenda vitani. Alipokufa kule jangwani, ardhi ilikuwa ngumu, sepetu zikakataa kuingia, Mzee akamfunika kwa mawe. Mama yake Bwambale alikuwa bado hai.

"Nikimwona sokoni napita mbali," alisema. "Mimi nilirudi. Mtoto wake hapana. Nitamwambia nini?"

"Twende, Mzee," nikasema. "Nitakibeba mimi."

Tulimkuta yule bibi kizee uani kwake Bwera, macho yamefifia. Mzee Thembo alipiga magoti, jambo ambalo sikuwa nimewahi kuona mwanamume wa umri wake akilifanya, akamwekea kitako kiganjani. "Mama, mahali ya Bwambale iko hivi."

Bibi akapapasa jiwe moja moja kwa kidole. Muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha mpakani, "Iko pakavu?"

"Pakavu, Mama. Mvua haifiki kule."

"Barua ilisema mutoto yangu alikufia ng'ambo. Miye nilijua ng'ambo ni ndani ya maji. Kila mvua ikinyesha, nilisikia baridi yake." Akarudisha kidole kwenye rundo. "Nani aliweka hii mawe?"

"Mimi, Mama. Na mikono yangu."

Akaishika mikono ile miwili, akaiweka mashavuni mwake.

Mhandisi alipata vitako thelathini na tisa. Hakuuliza cha arobaini.

Basi sikia, mwanangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujafanya mfano wa nchi ya watu, mtafute aliyeikanyaga, umuulize, nawe ukae chini. Mtu usimpime kwa kazi unayomkuta nayo leo. Na kama mdomo wako umemvunjia mzee heshima, usingoje kesho. Nenda ukapige magoti mbele ya wale wale waliokusikia.

Mungu akupe mikono ya kazi na masikio makubwa kuliko mdomo. Akujalie wazee wa kukukosoa, na moyo wa kuwashukuru wangali hai.