Hermitage ya Cape Si ya Ufaransa

Siku ya kwanza kazini, katika mkahawa wa Sandton, Afrika Kusini, nilipewa kizibuo na aproni nyeusi. Meneja, mama wa Kikenya, aliniambia, "Hapa chupa inafunguliwa mbele ya mgeni. Mkono ukitetemeka, anaona."

Sikusomea mvinyo. Nilijifunza kwa kunakili lebo za chupa tupu chumbani kwangu mtaa wa La Rochelle, mjini humu humu. Nakiri, kosa dogo lolote lilininyima usingizi. Baada ya miaka miwili nikawa mtunza mvinyo: kazi yangu kupanga chupa, kuandika orodha ya mvinyo, kumshauri mgeni.

Zabibu niliyoipenda ni Pinotage, iliyozaliwa hapa hapa Afrika Kusini. Ilipatikana kwa kuchavusha, yaani kukutanisha maua ya zabibu mbili: Pinot Noir na ile iliyoitwa Hermitage. Mimi nilisoma kwa Kifaransa Lubumbashi. Hermitage naijua, ni kilima cha Ufaransa, na zabibu yake nyekundu ni Syrah. Basi nikaandika kwenye orodha kwamba Pinotage ni mtoto wa Syrah, na kwa miezi saba nikawaambia wageni hivyo.

Asubuhi ya siku ambayo wakulima wa zabibu kutoka Cape walikuwa waje kula kwetu, nilisoma lebo moja ya zamani. Kumbe Cape walikuwa wakiita Cinsaut "Hermitage", na Cinsaut ni zabibu nyingine kabisa. Ningenyamaza, wakulima wangejisomea wenyewe. Ningesema, huenda cheo kingekwenda.

Nikamwambia meneja.

"Eish! Unaniambia saa hii, wageni wako kwa robot hapo nje?" Robot huku ni taa za barabarani.

"Samahani, Madam."

"Samahani haifuti wino. Wewe Mkongo utawaambia mwenyewe, kabla hawajafungua orodha."

Nilisimama mbele ya meza nikaeleza yote. Mkulima mmoja mzee alicheka hadi akavua miwani. "Marehemu baba aliiita Cinsaut Hermitage mpaka anazikwa. Ungemwambia ni Syrah, angekufukuza shambani!" Akanivutia kiti. Meneja akakirudisha. "Huyu ana meza nne za kuhudumia."

Cheo sikukipoteza. Kazi niliiacha mwenyewe mwaka jana, ningali kijana, kwa kuwa wasiwasi ulinichosha. Sasa nauza vitenge.

Ninyi mnaoanza kazi hii ya mvinyo, jina mlilolijua kwenu mkilikuta hapa, ulizeni maana yake ya hapa. Mimi sikuuliza, niliogopa kujulikana kuwa sikusomea mvinyo. Orodha tulizichapa upya. Lakini wapo watu mjini humu ambao hadi leo wanaamini Pinotage ni mtoto wa Syrah, na aliyewaambia ni mimi.