Fremu ya BMX niliyoiita bati: nilivyomponza shemeji yangu na kukaa kimya

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili. Leo nauacha. Nitakachoeleza ni kweli tupu, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Majina nimebadilisha. Kosa sijalibadilisha.

Mimi ni fundi baiskeli, niko Buswelu hapa Mwanza. Shule niliishia la saba. Ufundi nilifundishwa na mjomba, naye sijui alifundishwa na nani.

Kwa wasiojua mambo ya huku: mtu akinunua baiskeli, hata iwe mpya bado ina makaratasi ya dukani, kabla hajaipakia mzigo anaileta kwanza kwa fundi iongezewe nguvu. Tunachomelea nondo chini ya bomba, tunaweka karia nzito na stendi ya miguu miwili. Maana itabeba mkaa, itabeba madumu ya maziwa, itabeba dagaa kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha na ndiyo iliyonipa jina.

Kwa hiyo kipimo chetu cha fremu ni uzito. Ukiinyanyua ukasikia mkono unalalamika, hiyo ni fremu. Ikiwa nyepesi, hiyo ni bati.

Sasa nina shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, nitamwita Kulwa. Ni mtu mzima, kazi yake kupaka rangi nyumba. Lakini moyo wake uko kwenye BMX, zile baiskeli fupi za kurukia. Yeye na wenzake watatu wana kikundi, kila Jumapili mchana wanafanya mazoezi Kiseke kwenye kiwanja kimoja cha sementi. Wanaitwa hata kwenye sherehe, watu wanawatunza.

Niseme wazi, mimi ule mchezo nilikuwa nauona wa kipuuzi. Sijui kama hilo lilichangia. Nadhani lilichangia.

Siku moja Kulwa akaja kijiweni na fremu begani. Kaitoa kwenye lundo la baiskeli za mtumba, zile zinazoshushwa zimebanwa pamoja na majokofu mabovu. Haina stika, haina jina, mtu kaipaka rangi ya kijani ya mlango kwa brashi. Baiskeli yake ya zamani ilikuwa imepinda, alitaka kuhamishia vifaa kwenye hii.

Akaniuliza, "Shemeji, hii ni ya wapi, na ni nzima?"

Wakuu, hapa ndipo jibu sahihi lilipokuwa. Sijui. Neno moja tu.

Lakini walikuwepo wateja wawili, na mmoja ni mzee Masanja ambaye hupenda kuniita injinia. Nikaichukua fremu nikaanza kuikagua kama daktari.

Nikainyanyua kwa kidole kimoja. Nyepesi. Nikacheka.

Nikaigonga na spana. Ikalia kama kengele ya kanisani. Zetu za mizigo ukizigonga zinatoa sauti nzito, nene. Nikasema inalia hivi kwa sababu bomba ni jembamba, ndani kutupu.

Nikatazama shingo, pale usukani unapoingia. Hakuna vile vikombe vya kukalia beringi. Nikasema vimepotea.

Nikatazama nyuma, pale ekseli ya tairi inapokaa. Nafasi yake pana kuliko ninazozijua. Nikasema kuna mtu kaichonga na tupa mpaka ikapanuka.

Pale pedeli zinapopita napo tundu si la kawaida yetu. Nikasema hii ilitengenezwa na mtu aliyekosa vipimo.

Kulwa akawa anaizungusha mkononi. Akasema taratibu, "Lakini za wenzangu nazo nyepesi hivi hivi, shemeji. Nyepesi ndiyo inaruka."

Nikamjibu, "Nyepesi ni ya kutundika ukutani. Hii ni bati, bwana. Ukiruka nalo atakuja kukukusanya mama yako na ungo."

Mzee Masanja alicheka mpaka akakohoa. Kulwa naye akacheka, maana angefanyaje. Akaniuliza kama inaweza kusaidika. Nikamwambia niachie, nitaiongezea nguvu.

Nikaiongezea kweli. Nilichomelea mkono wa nondo pale chini ya shingo, kuunganisha na lile bomba kubwa la mbele. Nikaweka washa, zile pete za chuma, kule nyuma nikazichomelea, zile nafasi pana zikabana. Bomba lilikuwa linaungua haraka, mara mbili likatoboka, nikaziba. Hilo nalo nikalihesabu ni ushahidi kwamba chuma ni kibovu. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi juu ya ile ya kijani. Ikapendeza.

Wakati napiga msasa niliona kuna namba zimegongwa chini, pale kwenye tundu la pedeli. Sikuzisoma. Nilipaka rangi juu yake.

Kulwa aliendesha kama mwezi hivi. Alilalamika mbele kumekuwa kuzito. Nikamwambia atazoea.

Jumapili moja nikaenda Kiseke kuwatazama, mara yangu ya kwanza. Nilishika koti lake. Alikuja kasi, akapanda ule ubao wao wa mteremko wa kurukia, akaruka vizuri tu. Aliposhuka nikasikia sauti kama tawi. Tairi la mbele lilienda peke yake na usukani, yeye akapiga kidevu na mkono kwenye sementi.

Mkono ulivunjika karibu na kiganja. Kidevu kikashonwa.

Pale pale kiongozi wao, nitamwita Maduhu, akasema Kulwa katua na tairi la mbele, kauelemea usukani. Hakusema kwa ubaya. Kila mtu pale ni mwendeshaji na kila mtu akasema ndiyo, kaelemea mbele. Mimi niliyekuwa sijui kitu nikatingisha kichwa kukubali.

Halafu nikakusanya vipande vya fremu, nikavitia kwenye salfeti, nikaondoka navyo. Watu walikuwa wanamhangaikia majeruhi, mimi nahangaikia vyuma. Nimejiuliza sana kwa nini nilifanya haraka vile. Sina uhakika kama nilikuwa nimeshajua. Lakini mtu asiyejua kitu hafichi kitu.

Plasta ilipotolewa, Kulwa alirudi kiwanjani. Akaazimwa baiskeli. Akawa akifika kwenye ubao anashika breki. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakampa kazi ya kushika maiki na kutangaza wenzake. Nikasikia kwa mama watoto kwamba wameanza kutafuta mtu wa kujaza nafasi yake.

Mimi huku nikataka kukata kipande cha ile fremu nitengenezee karia ya mteja. Nikaondoa rangi. Nikayaona mambo mawili.

La kwanza, ufa ulianzia pembeni kabisa mwa kuchomelea kwangu. Bomba pale lilikuwa limeungua, jeusi lenye bluu. Kuchomelea kwa kiwandani, ambako ni kwembamba kama mshono wa shati, hakukuachia hata nywele.

La pili, zile namba. Baadhi zilikuwa ndefu, lakini pembeni kulikuwa na nne zimekaa peke yake: 4130.

Sasa wakuu, hapa mnanisamehe, maana nyinyi nao niliwadanganya.

Wengine mtakumbuka picha nilizoweka humu jukwaani, nikaandika kwamba nimeonyeshwa fremu ya mtumba na nataka kujua kama inafaa kununua. Ndiyo hii. Nilipiga picha ile namba, tundu la pedeli, masikio ya nyuma yanayoshika ekseli nikiwa nimeshabandua zile washa, na kipande cha shingo kwa juu tu. Palipovunjika sikupaonyesha.

Mlinijibu siku ile ile. Mkasema 4130 ni aina ya chuma, kromoli, kigumu kuliko chuma cha kawaida ndiyo maana bomba linafanywa jembamba na jepesi. Mkasema shingo isiyo na vikombe imetengenezwa hivyo, beringi zinakaa ndani moja kwa moja. Nafasi pana nyuma ni kwa ekseli nene, ya watu wanaoruka. Tundu la pedeli ni la aina ya kupigiliwa beringi kubwa. Jina la kampuni mlibishana hamkuafikiana, na mimi mpaka leo silijui, kwa hiyo sitalisema. Lakini wote mlisema kitu kimoja: kamata haraka, hiyo ni fremu ya uhakika.

Yaani kila alama ya ubora niliyoonyeshwa, mimi niliiita ugonjwa. Halafu nikaitibu.

Na kuna mwenzetu mmoja aliuliza, "Mkuu, mbona pale mbele hujatuonyesha?" Sikumjibu. Kama unasoma hapa, jibu lako ndilo hili.

Nilikaa na hiyo habari wiki tatu.

Sikuwa naumwa, sikuwa nimesafiri. Nilikuwa naamka, nafungua kijiwe, nachomelea baiskeli za watu. Kulwa alikuwa anakuja nyumbani kula, tunanawa maji ya jagi moja.

Kilichonivunja ni siku aliyokuja na kofia yake ngumu na zile kinga za magoti. Alizitia kwenye mfuko, akasema nimtafutie mtu wa kumpa, yeye basi. Akakaa kwenye benchi.

Akasema, "Nimekubali tu, shemeji. Mwili wangu haukuwa wa mchezo ule. Na wewe nikushukuru. Bila ule mkono uliochomelea, saa hizi mngekuwa mmeshanizika."

Alisema kwa moyo mweupe. Alinishukuru, wakuu.

Nilimwambia sawa. Nikaupokea ule mfuko. Hilo nalo nalikiri.

Jumapili iliyofuata nikachukua salfeti yenye vipande nikaenda Kiseke. Kulwa alikuwa bado anakwenda kuwashikia maiki, na nilikuwa nimepanga kumwita pembeni. Njiani nikaona haiwi haki. Yeye alisemwa mbele za watu kwamba kaelemea mbele, mimi nimsafishe kwenye kona? Nikasubiri wakusanyike kunywa maji.

Maduhu aliponiona na salfeti akatania, "Injinia katuletea dagaa."

Nikamwaga vyuma chini. Nikawaeleza yote kama nilivyoeleza hapa, tangu kuigonga na spana mpaka picha za jukwaani. Nikawaonyesha ufa.

Maduhu alichuchumaa akapitisha kidole pale palipoungua. Ni mtu mwenye mdomo, lakini siku hiyo alisema tu kwamba hata angekuwa yeye juu ya hiyo baiskeli, ingeachia. Halafu akamgeukia Kulwa. "Nilikusema vibaya, mwanangu. Sikuangalia chuma, nilikuangalia wewe."

Kulwa alikuwa kashika kipande cha shingo. Hakunitazama.

Akauliza, "Ulijua lini?"

Nikasema, "Wiki tatu sasa."

"Siku nakuletea kofia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaweka kile kipande chini, taratibu, kama kitu cha mtu. Akasema, "Kuchomelea ulikosea, shemeji, fundi anakosea. Hizo wiki tatu ulikuwa unanitazama tu?"



Akamwomba Maduhu baiskeli. Akazunguka kiwanja mara nyingi bila kuruka, sisi tumesimama. Kisha akaelekea kwenye ubao, na safari hii hakushika breki. Hakuruka juu sana. Alitua na tairi zote mbili, akaendelea kuzunguka. Wenzake walipiga makofi. Mimi sikupiga, niliona sina haki hiyo.

Kofia yake nilimrudishia kwa mkono wa dada yake.

Sasa hivi amerudi kwenye nafasi yake na nyumbani tunasalimiana. Anakula, anaaga. Lakini juzi nimekuta fremu nyingine imeegemezwa ukutani kwetu, ya mtumba, imekwanguliwa rangi mpaka chuma kinaonekana. Mama watoto akaniambia Kulwa anapita nayo tu, anaipeleka kwa fundi mmoja Butimba akaikague. Nikaitazama kwa mbali. Nilitamani kuigonga nisikie sauti yake. Nikaingia ndani.

Somo nililopata si kubwa. Fremu usiyoijua ioshe, ikwangue, soma namba zote, piga picha pande zote hasa ule upande usioutaka, uliza kabla hujawasha mashine ya kuchomelea. Kipimo cha baiskeli ya dagaa ni cha baiskeli ya dagaa. Na ukishajua umekosea, mwambie mwenyewe siku hiyo hiyo, maana kila siku unayoongeza ni kosa jipya na lile la kwanza halipungui.

Kijiweni nimeanza kusema sijui. Mzee Masanja hapendi, anasema injinia gani huyo. Wateja wawili wameondoka. Wengine wamebaki.

Nawaachia uwanja, wakuu. Wa kunisema aniseme, nimejiandaa. Ila kama yupo humu aliyewahi kupoteza imani ya ndugu yake kwa kukaa kimya, kisha akairudisha, naomba anieleze alianzia wapi. Hilo nalo silijui.