Watoto Wawili Kwenye Meli ya Bembea

Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka minne tulipompeleka Dar es Salaam kwa mama yangu mdogo, na huko tukampandisha treni ya watoto inayopita ndani ya pango la giza. Hakuna aliyetuambia kwamba mle ndani kuna vinyago vinavyochomoza ukutani na spika zinazopiga mayowe. Alitoka upande wa pili akiwa kimya kabisa. Hakulia. Lakini tuliporudi Tabora hakukubali tena kulala taa ikiwa imezimwa, na hata akienda chooni mchana alitaka nisimame mlangoni nikiimba, ili ajue bado nipo.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu. Mchezo wowote wa kupanda, kwanza tunauzunguka kwa miguu. Tunasimama kuutazama tangu unapoanza mpaka watu wanaposhuka, tunaziangalia nyuso zao, kisha namuuliza ni kitu gani pale anakitaka na kitu gani hakitaki. Akikataa tunaondoka, na habari hiyo hairudiwi nyumbani. Akikubali, nasimama mahali ambapo ataniona. Tulikubaliana pia ishara: akibadili mawazo, hata kama ameshakaa kitini, anaweka mkono kichwani, na mimi nitafanya kila niwezalo ashushwe. Majirani zangu wa mtaa wa Gongoni waliona namdekeza. Jirani mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba ninamlea mtoto wa kiume kama yai. Nilimwitikia tu na kuendelea na kushona, maana kazi yangu ni kushona sare za shule, na mteja hagombezwi.

Mwaka juzi, siku chache baada ya Krismasi, walikuja watu na malori wakafunga michezo yao kwenye uwanja wa wazi pembeni mwa mji. Kulikuwa na bembea za kuzunguka, vigari vya watoto wadogo, nyumba ya kurukia iliyojazwa upepo, gurudumu kubwa, na meli ya chuma inayobembea mbele na nyuma mpaka pua yake inaelekea mbinguni. Jenereta lao lilisikika mpaka kwetu. Wiki hiyo hiyo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alifika kwa basi kutoka Choma, kule Igunga, pamoja na mwanawe wa miaka saba. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Mpanda, kwa hiyo mwenyeji nilikuwa mimi.

Shemeji ni mfugaji, mtu mkubwa wa mwili na mkarimu. Hajawahi kuja kwetu mikono mitupu. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku akinikabidhi kuku wawili na kidumu cha maziwa mgando. Mwanawe alikuwa anasifiwa ukoo mzima. Alikuwa anapeleka ng'ombe kunywa maji, na walisema aliwahi kung'atwa na mbwa asitoe hata chozi. Baba yake aliirudia hadithi hiyo mezani, na mtoto aliinamia sahani yake akala. Mwanangu, ambaye alikuwa anakaribia miaka sita, alimtazama kaka yake huyo kama mtu anavyomtazama askari.

Tulikwenda uwanjani alasiri, mvua ikiwa imeshapita na kuacha matope mekundu. Binti yangu wa miaka mitatu nilimbeba mgongoni. Nilianza kama kawaida yangu, nikasema tuzunguke kwanza tuone kila kitu. Shemeji alicheka. Alisema wamesafiri kutoka Choma kuja kupanda, siyo kuja kukagua. Nilimweleza kwa ufupi habari ya pango la Dar. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema dawa ya woga ni kuukabili, na kwamba mtoto wa kiume akiachwa achague atachagua kukaa nyumbani. Sikubishana naye. Ni shemeji yangu mkubwa, mume wangu hayupo, na watu walikuwa wanapita huku na huku. Nilimwomba tu aniahidi kwamba kwenye meli tutaamua kwa pamoja. Akaitikia kwa kichwa, nami nikaelewa kuwa amekubali.

Wavulana walianza na bembea za kuzunguka, wakashuka wakicheka. Binti yangu alipanda vigari, akashika usukani kwa mikono miwili bila kutabasamu hata mara moja, na alipotelemshwa akadai arudishwe. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha akataka haja ndogo. Choo kilikuwa mbali, nyuma ya malori, na kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto wao. Nilimwambia mwanangu asiondoke alipo baba mkubwa mpaka nirudi.

Niliporudi hawakuwepo pale nilipowaacha. Niliwatafuta kwa wauza bisi, nikawatafuta kwenye nyumba ya upepo. Kisha nikainua macho nikaiona meli imejaa watu, na katika safu ya mwisho nyuma kabisa, ile inayopanda juu kuliko zote, nikaliona koti la sikukuu la shemeji. Mwanawe alikuwa katikati. Mwanangu alikuwa pembeni, upande wa nje.

Nilipoufikia uzio nikaona kitu kingine. Chuma cha kuwazuia abiria kilikuwa kimoja kwa safu nzima, kinashuka mapajani. Lakini kilikuwa kimegota kwenye mapaja manene ya shemeji, na kwa watoto kikabaki juu, kimeacha pengo ambalo mtoto angeweza kupita. Nilimwambia mwendeshaji, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, asiwashe kwanza. Hakunisikia kwa sababu ya jenereta. Meli ikaanza kwenda.

Mwanzoni ilikwenda taratibu, kama mtu anayejaribu bembea ya kamba. Nilishika uzio nikamkazia macho mwanangu. Sikumwangalia mtu mwingine yeyote. Midomo yake ilikuwa imebana, mikono yote miwili ipo kwenye chuma. Aliniona. Nilimwonyesha kwamba nipo, nikamwita kwa jina, ingawa nilijua hasikii. Meli ikapanda juu zaidi, ikashuka, ikapanda upande wa pili, na watu wa mbele wakaanza kupiga kelele za furaha. Kisha nikamwona mwanangu anaachia chuma kwa mkono mmoja. Akauweka kichwani.

Nilipita chini ya uzio na mtoto mgongoni. Nilimfikia yule mwendeshaji nikamshika mkono uliokuwa kwenye swichi, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanaume nisiyemjua, nikamwambia usoni kwake:

"Zima. Mtoto anatoka."

Nilisema hivyo ili anisikilize tu. Sikujua kuwa ni kweli. Alipogeuka kutazama, na mimi nikatazama, nikaona pale katikati ya safu pana kichwa kimoja pungufu. Mtoto wa Choma alikuwa ameteleza chini ya chuma, kimeshamfika kifuani, anatafuta sakafu ya meli kwa miguu. Hakuwa analia. Macho yalikuwa wazi na hayaoni kitu. Alikuwa anatoka tu, kama mtu anayetoka ndani ya nyumba inayowaka.

Mwendeshaji alizima papo hapo. Lakini meli ya namna ile ikizimwa haisimami. Inaendelea kubembea yenyewe mpaka nguvu iishe, na hakuna mtu awezaye kuiharakisha. Tulisimama pale chini tukiitazama inapanda na kushuka. Shemeji alikuwa amemkamata mwanawe ukosi wa shati kwa mkono mmoja, na shati lilikuwa limevutika mpaka masikioni. Mwanangu alikuwa amekizungushia chuma mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto ameushika mkono wa kaka yake, akiwa amemwinamia anamwambia maneno. Kila walipopanda nilisema moyoni, basi, hii ndiyo ya mwisho. Wakashuka, wakapanda tena.

Meli iliposimama, watu walishuka wakinung'unika kwamba mchezo umekatishwa. Shemeji alimweka mwanawe chini akamwambia asimame. Miguu haikumshika. Kaptura yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na watu waliokuwa kwenye uzio wakaanza kucheka, mmoja akainua simu apige picha. Nilijisogeza nikasimama mbele ya mtoto. Shemeji aliiona ile simu. Nilidhani atamfokea mwanawe, kwa jinsi shingo ilivyokuwa imevimba. Badala yake alivua koti lake jipya akamfunga nalo kiunoni, na vidole vyake vilishindwa kukaza fundo, ikabidi nimsaidie.

Nilimchukua mwanangu pembeni nikamwambia alifanya vyema kutoa ishara. Akanijibu kuwa yeye hakuwa anataka kushuka. Aliogopa kidogo, lakini alikuwa anaona raha. Mkono aliuweka kwa ajili ya kaka yake, kwa kuwa kaka yake hakuijua ishara.

Shemeji alisema twende nyumbani. Alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. Hapo ndipo nilipompinga, jambo nililokuwa nimelikwepa tangu mchana.

"Shemeji, naomba tukae kidogo. Mtoto akiondoka sasa hivi, ataondoka na ile meli tu."

Nilisubiri nikijua kwamba akikataa tutaondoka, na kwamba maneno yangu yatafika kwa mume wangu na kwa mama mkwe yakiwa yamekuwa mengine. Mwishowe alikwenda kukaa kwenye benchi chini ya turubai, akaweka mikono magotini.

Mtoto wa Choma hakutaka bisi wala juisi. Mwanangu alimshika mkono akaanza kumzungusha uwanjani, akimweleza kila mchezo unafanya nini, wapi unapanda, wapi tumbo linashtuka. Mimi niliwafuata kwa nyuma. Walizunguka, wakazunguka tena. Mwishowe yule mtoto alisimama kwenye vigari vya watoto wadogo, akaniuliza, bila kuinua macho, kama yeye anaruhusiwa. Mwanamke aliyekuwa pale alimwangalia urefu wake, akaniangalia mimi, akafungua kilango.

Alikaa kwenye kigari kidogo chekundu magoti yakiwa karibu na kidevu, nyuma ya binti yangu. Mzunguko wa kwanza alikuwa ameshikilia usukani kama chuma cha meli. Mzunguko wa pili aligundua kwamba una honi. Nilipogeuka nikamwona shemeji amesimama kwenye uzio wa vigari, mtu mzima wa ng'ombe wengi, akimpungia mwanawe mkono kila anapopita.

Usiku tulikula kuku aliotuletea, na hadithi ya mbwa haikusimuliwa. Nililala vibaya nikijiuliza nimeharibu nini. Asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala, nilimkuta shemeji uani ananawa uso. Nilimwamkia. Aliitikia, akakamua taulo kwa muda mrefu.

"Jana kule juu nilifumba macho," alisema. "Sikumwona mwanangu anatoka. Ni mkono tu uliomhisi."

Nilimwambia chai iko tayari. Wakaondoka na basi la saa nne, na jambo lile hatujalizungumza tena mpaka leo. Mume wangu niliposimulia aliniuliza mara mbili kama ni kweli kaka yake alisema vile.

Mwaka jana malori yalirudi. Shemeji hakuja, alikuwa na shughuli zake, lakini alimtuma mwanawe kwa basi pamoja na jamaa wa kijijini kwao, na akanipigia simu. Baada ya salamu ndefu za nyumbani na za mifugo, aliniomba mtoto asishurutishwe kupanda chochote. Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Tulizunguka uwanja wote. Mtoto wa Choma alichagua gurudumu kubwa, jambo ambalo sikulitarajia, tukapanda wote wanne. Kwenye meli alisema hapana, akalisema huku ananitazama. Mwanangu akasema ndiyo. Safari hii nilihakikisha mwenyewe amekaa na watoto wenzake wa kimo kimoja, nikakivuta chuma kuona kama kimekaza, kisha nikarudi kwenye uzio. Meli ilipoanza kupanda nilishindwa kutazama. Niliinamisha uso nikayaangalia matope.

"Ameshika, mama mdogo," alisema yule mtoto pembeni yangu, lambalamba ikimtiririkia kwenye kiwiko. "Namwona. Bado ameshika."