Msiba wa Zahanati Iliyo Hai

Mimi nauza makoti ya mtumba sokoni Mwanjelwa, ila kwetu ni huko juu, ukishika barabara ya Chunya, kwenye viazi na baridi. Shule nimeishia la saba. Sababu ya kunituma mimi Mufindi ilikuwa moja tu: nina mdomo. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mwakyoma, alisema hivyo mbele ya mkutano mzima, na mama yangu akaitikia kwa kichwa, kwa hiyo siwezi kubisha.

Mambo yalikuwa hivi. Zahanati yetu ilikuwa inaendeshwa na mradi. Mradi ndo ulimlipa nesi, ukaleta dawa, kitanda cha kujifungulia, friji ya chanjo na sola yake. Halafu mradi ukaisha. Wakatuambia huko hela zinakotoka wamekata. Nesi akaaga, mlango ukafungwa, na Ijumaa gari lilikuwa lije kubeba vitu vyote. Toka hapo mtu akiumwa anashushwa mjini kwa bodaboda, kwenye ile barabara ambayo hata kuku anaipita amenuna.

Na dada yangu Atupele alikuwa na mimba, tumbo limeshashuka. Mtoto wake wa kwanza alimzalia kwenye barabara hiyohiyo, kabla zahanati haijajengwa, na yule mtoto hakulia. Kwa hiyo aliposikia kitanda kinaondoka alichukua jembe akaenda shamba, akachimba viazi ambavyo hata havijakomaa.

Sasa kulikuwa na fununu kwamba kuna kijiji upande wa Igowole ambacho mradi wao uliisha kama wetu, lakini zahanati iko wazi mpaka leo. Mkutano ukajadili, ukafikia uamuzi kwamba lazima wamemficha mzungu.

"Nenda ukamtafute," Mwenyekiti akaniambia. "Ukimpata mwambie na sisi tupo."

Jumanne asubuhi, Mwanjelwa. Nilichagua koti zuri kuliko yote kwenye meza yangu, jeusi, lina nembo ya dhahabu kifuani, sijui ya shule gani huko Ulaya. Nikafunga na tai. Jirani yangu wa sokoni, Mzee Shabani, ana fuso, na siku hiyo lilikuwa linakwenda tupu Mafinga kufuata mbao. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapahapa Mwanjelwa na baridi yetu anaitukana kwa Kinyakyusa.

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kutafuta mfadhili, mzee."

"Na hilo koti?"

"Mfadhili hampi mtu anayeonekana ana shida."

Akafungua mlango wa fuso huku anatikisa kichwa. Tukaondoka.

Uyole tulinunua ndizi. Chimala joto likaanza, nikalegeza tai lakini koti sikuvua, lisijikunje. Huko chini ni mpunga mpaka macho yanachoka. Mzee Shabani ni mtu wa kunyamaza, ila akinyamaza sana ujue anapika swali.

Igawa swali likaiva. "Huyo mzungu ukimpata, na yeye akiisha?"

"Tutatafuta mwingine."

"Kama spea."

"Ndiyo, kama spea."

"Mimi gari langu likikosa spea, najua kwa nini limesimama," akasema. "Nyie mmeshawahi kufungua boneti?"

Nilijifanya nimelala mpaka Makambako, ambako upepo ulinishtua kweli.

Mafinga tuliingia jioni. Mji mzima unanuka mbao mbichi, na vumbi la mashine za kupasulia limekaa mpaka kwenye kope za watu. Mbao za Mzee Shabani hazikuwa tayari, wakamwambia arudi kesho mchana. Ndo akanionea huruma: kwa kuwa gari lipo tupu, asubuhi atanipeleka mwenyewe.

Jumatano asubuhi tukashika njia ya Igowole. Mashamba ya chai yamepangwa kama nywele zilizosukwa kanisani siku ya Pasaka, halafu misonobari, halafu chai tena. Tulipokaribia kijiji tukamkuta mwanamke amebeba ndoo kichwani. Alilitazama fuso tupu. Akaliona koti langu. Ndoo akaitua chini taratibu, akakunja kitenge, akatoka mbio.

"Umemfanya nini?" Mzee Shabani akaniuliza.

"Si umekaa na mimi humu ndani?"

Tukafika zahanati. Hapo nje wanawake wamejaa, wamekaa chini kwenye mikeka, khanga mabegani, wanalia kile kilio cha kutoka tumboni. Wanaume wapo kwenye mabenchi wamezunguka moto mkubwa. Sufuria iko juu ya mafiga. Mzee Shabani akazima gari, akasema "Inna lillahi" kwa sauti ya chini. "Tumeangukia msiba, dogo. Shuka kwa adabu."

Na mimi mtoto niliyelelewa. Nikashuka, nikapita nasema poleni, poleni, nikakaa kwenye benchi na wanaume. Mara nimeletewa sahani ya ugali na maharage. Nikanawa nikala, maana chakula cha msiba hukatai. Katikati ya sahani nikamgeukia mzee wa pembeni.

"Marehemu ni nani, baba?"

"Bado hatujajua."

Nikatafuna kwanza. "Taarifa mlipata lini?"

"Tulipoona koti lako."

Akaja mama mmoja mwenye mwili, amejifunga kitenge kiunoni, wote wanampisha. Baadaye nilijua anaitwa Mama Kikoti, kiongozi wa kikundi chao cha misiba. "Kamwene, mwanangu," akanisalimia. "Karibu. Umekuja kubeba friji?"

"Kamwene, mama. Hapana. Nimekuja kutafuta mzungu."

Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa. Wakaangaliana. Halafu wakaanza kucheka, wale wale waliokuwa wanalia, mpaka mwingine akalala ubavu kwenye mkeka. Mzee Shabani naye alicheka, na yeye alikuwa upande wangu.

Nikawaeleza yote, mradi, Ijumaa, dada yangu. Mama Kikoti akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Kwenu mtu akifa mnasubiri mzungu alete jembe?"

"Hapana, mama."

"Kaburi anachimba nani?"

"Sisi. Kwa zamu."

"Unga?"

"Kila nyumba inaleta. Na kuni, na maji."

"Kuna aliyewahi kuzikwa bila watu kula?"

"Haijawahi kutokea."

"Kwa hiyo cha kumpa maiti mnacho," akasema. "Cha mgonjwa ndo hamna."

Hapo ndo nikavua koti. Lilianza kuniwasha.

Akanisimulia ilivyokuwa. Siku mradi wao ulipotuma gari, kijiji hakikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Lakini kilikuwa na kikundi cha misiba. Na kwenye nyumba yenye msiba, iwe kwa Mhehe, kwa Mbena, kwa Mlutheri au kwa Muislamu, hakitoki hata kigoda mpaka tanga lianuliwe. Kwa hiyo wakawasha moto nje ya zahanati, wakatandika mikeka, wakakaa matanga. Watu wa gari walipofika wakauliza nani amefariki. Wakaambiwa: tukiwaachia kitanda mtatuambia nyie. Wakakaribishwa wakala, wakaondoka na gari lao tupu. Na tanga lile hawajalianua mpaka leo. Moto wa mafiga ni uleule. Asubuhi unachemsha maji ya nesi, mchana unapika uji wa wanaojifungua, na zamu ya kuutunza inazunguka vitongoji vyote.

"Kwani kulia peke yake kunatibu?" nikauliza. Nina mdomo, nimeshasema.

"Kulia kulizuia gari. Kutibu ni jembe," akanijibu, akanipeleka nyuma. Kuna msitu wa kijiji, misonobari ya zahanati. Wanapanda pamoja, wanapalilia pamoja, ikikomaa wanauza, dawa zinanunuliwa. Nyumba ya nesi wameijenga wao. Halmashauri ilipoona jengo lina watu, choo kisafi na nyumba ya mtumishi, ikaleta nesi. "Hawakupeleka nesi kwenye kufuli," Mama Kikoti akasema. "Wamempeleka kwenye moshi."

Nesi mwenyewe, msichana mpole, alikuwa anapima watoto na hakutuficha. Kuna wiki dawa zinaisha. Watu wanagombana hapohapo motoni, kuna nyumba zinakwepa zamu, kuna mzee anadai kwenye kupalilia miti ameonewa. "Lakini mlango haujafungwa," akasema, akaita mtoto mwingine.

Nikamwambia Mama Kikoti kilichokuwa kinanikaa rohoni. Msonobari unakua miaka, dada yangu ana wiki.

"Kwenu mnalima nini?"

"Viazi."

"Na kiazi na mti, kipi kinachelewa?"

Kabla sijafungua mdomo wakanipa shoka. Mgeni wao haondoki na viganja safi, nikapasua kuni mpaka mchana. Mlinzi wa zahanati, mzee aliyekuwa anatetemeka kwa baridi na khanga ya mkewe mabegani, muda wote alikuwa analiangalia koti langu. Nikamvika, na tai juu yake. Huo ukawa mchango wangu. Sasa ukienda kule unapokelewa na mlinzi mwenye nembo ya dhahabu.

Alhamisi tukarudi, fuso limejaa mbao, mimi na shati tu. Makambako upepo ulinikuta tena ukanitambua. Juu ya mbao Mzee Shabani alikuwa amepakia mabanzi, zile pande za nje za gogo zenye magome. Nikadhani ya kuni. Tulipofika Mwanjelwa hakusimama, akapandisha gari mpaka kijijini kwetu, akayamwaga mbele ya zahanati.

"Ya mabenchi," akasema. "Waombolezaji hawakai kwenye umande."

Jioni hiyo mkutano. Mzee Mwakyoma hakutaka salamu. "Mzungu?"

"Hayupo."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo, mwenyekiti."

Nikawaeleza. Nilipofika kwenye mikeka watu wakaanza kuguna. Mwenyekiti akasimama. "Kulia bila maiti ni uchuro," akasema. "Huko ni kumwita mtu kaburini. Kwa Wahehe labda. Hapa hapana."

Na watu wakakubali. Mama yangu mwenyewe akainamisha kichwa. Tayari nilishakiona kitanda kinapanda gari. Nikawa namtazama Mzee Shabani, na yeye anatazama mabanzi yake.

Ndo Atupele akainuka. Alishika mgongo kwa mkono mmoja, akatembea kwa shida zake mpaka mlangoni pa zahanati, akakaa chini, miguu ameinyoosha.

"Nililieni mimi basi," akasema. "Kile kitanda kikiondoka mtanililia tu, sitawasikia. Lieni leo nikiwa nasikia, nijue nani ananipenda na nani anakuja kufuata ugali."

Mama yetu akavua khanga ya mabegani, akaitandika, akakaa pembeni yake. Bibi mmoja akafuata. Mwenyekiti akawatazama wanawake wanavyoongezeka, mwisho akauliza, kama anayeuliza bei, "Mafiga yakae upande gani?"

Ijumaa gari lilifika wakati viazi vinaiva. Kijana wa mradi akashuka, akatukuta kijiji kizima, mabenchi mapya, moto, kilio. Akavua kofia. Alikuwa mtu wa Mbalizi, analijua la kufanya.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

"Bado," mama akamjibu. "Kaa kwanza ule."

Akala. Dereva wake akaongeza sahani. Halafu nikamsikia anapiga simu pembeni ya gari. "Bosi, tumekuta msiba... Ndiyo, hapohapo zahanati... Hapana, siwezi, bosi. Wewe umekulia wapi?" Akarudi, akatupa pole tena, wakaondoka. Gari lilikuwa jepesi, lilirukaruka kwenye mashimo.

Toka hapo kila nyumba inaleta ndoo ya viazi kwenye mavuno, vinauzwa Mwanjelwa, vinageuka dawa. Vinaozaga vingine, na tunagombana. Halmashauri imekuja, imeona moshi, imetuletea nesi. Na wiki mbaya ya mvua, bodaboda zote zimegoma kushuka, Atupele alitembea toka kwao mpaka kwenye kile kitanda kwa miguu yake. Huyu wa sasa alilia, tena kwa sauti iliyowapita wote waliolia ile Ijumaa.

Nilienda kutafuta mtu wa kutusaidia, nikarudi na ndoo ya viazi ambayo tulikuwa nayo siku zote. Nimejifunza hilo, na nimejifunza kwamba uchuro ni kufunga mlango wa zahanati, si kulia mlangoni pake. Kwa hiyo nyie wa mradi, na yeyote mwenye gari tupu, mjue tanga letu hatujaanua na hatuna mpango. Njia ya kwetu mnaijua. Mkija tena njooni na njaa.