Filimbi Aliyoiacha Ephraim

Walipotoka kumzika Ephraim, kaka yake, Japhet, hakuketi. Alivua koti, akakusanya vitu vyote vya marehemu na kuvitia katika sanduku moja: mashati, viatu vya kazini, miwani, Biblia, na filimbi iliyokuwa juu ya kabati, imeviringishwa katika kipande cha fulana. Akalifunga sanduku kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda. Kwao Rungwe ndivyo walivyolelewa: vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yavunjwe, ndugu wakae, kila mmoja apewe chake. Na Japhet alikuwa amekuja kwa basi kutoka Tunduma hadi Durban, mpaka baada ya mpaka, ili mdogo wake asizikwe kama mtu asiye na kwao.

Atuganile, mjane wa Ephraim, aliona kila kitu kikiingia sandukuni, akamwacha. Mtu aliyetoka kumfukia mumewe hana ubishi wa kumpa mtu. Kesho yake, akiwa ameketi mkekani na wageni wa kanisani wakiingia na kutoka, ndipo ile filimbi ikamrudia akilini.

Filimbi ile ilikuwa bado haijazoea pumzi.

Mti, hata mpingo wenyewe mgumu kama chuma, haupendi kushtukizwa. Pumzi ya mtu ina unyevu. Ndani ya filimbi mti huunywa na kutanuka, huku nje ungali mkavu. Ukiipuliza sana siku za mwanzo, inapasuka. Ukiianza kisha ukaitelekeza, inakauka kwa pupa, na ufa unaingia vilevile. Kwa hiyo Ephraim alikuwa na utaratibu wake. Kidogo asubuhi, kidogo jioni. Halafu anapitisha kitambaa ndani kwa kijiti, anapaka mafuta, anailaza. Kila siku anaongeza kidogo. Mwenyewe haitwi kuichukua mpaka mti umetulia. Hii ya mwisho alikuwa ameianza tu, kifua kikamlaza, na hakuamka tena.

Kazi ya kukereza mbao Ephraim aliipata ujanani, katika karakana ya misheni nyumbani. Durban alikuja kama wengi walivyokuja, akapata kibarua Jacobs, mtaa wa viwanda, kwenye kiwanda cha samani, akikereza miguu ya meza. Angeweza kuzeeka na miguu ya meza. Lakini Bwana Naicker, mwalimu mstaafu wa Morningside, alikuja kiwandani kutengenezesha kiti, akamtazama Ephraim akifanya kazi, na juma lililofuata akarudi na filimbi yenye ufa.

Ilikuwa filimbi ya Kiayalandi. Haina vibonye wala vyuma, ni matundu sita ya vidole na moja la mdomo, nayo hushikwa kwa ubavu. Bwana Naicker alifundishwa kuipiga na padri mmoja wa Ayalandi alipokuwa mwanafunzi, na hadi uzeeni yeye na wenzake walikutana Jumapili mchana kupiga nyimbo za huko, yeye Mhindi wa Durban, mwenzake Mzulu, mwingine Mzungu baharia. Ephraim aliuziba ule ufa. Kisha akaomba akae nayo kidogo. Alitengeneza vijiti vya kupimia, akagundua kwamba tundu la ndani halikwenda sawasawa bali lilikuwa pana upande wa kichwa na kupungua kuelekea mwisho, na hapo ndipo sauti ilipokuwa imejificha.

Ya kwanza aliyotengeneza ililia kama birika. Ya pili iliimba chini, ikifika juu inapotea. Bwana Naicker alikuwa akipuliza, anatikisa kichwa na kusema, "Bado, rafiki yangu. Karibu, lakini bado." Wakacheka, Ephraim akarudi kwenye mashine. Ilipofika filimbi ambayo mzee aliipiga mpaka mwisho wa wimbo bila kutikisa kichwa, Ephraim alirudi nyumbani South Beach, ghorofani kando ya bahari, akapiga magoti kando ya kitanda kabla hata ya kunawa mikono.

Mpingo aliutoa kwa Pandu, Mzanzibari aliyeuza vinyago ufukweni. Vinyago virefu vilivyovunjika shingo safarini hakuna mtalii aliyevitaka, ila mti wake ulikuwa umekwisha kukauka miaka na miaka. "Wewe unanunua maiti za vinyago," Pandu alimtania. "Siku moja watakuja kukudai miguu yao." Ephraim alivigeuza mkononi akitafuta mahali mti ulipokwenda wima. Vumbi lake ni jeusi na linauma. Alijifunga kitambaa puani, lakini kitambaa ni kitambaa.

Basi mjane alikaa mkekani, macho yake kila mara yakishuka chini ya kitanda. Gloriose, jirani yake Mkongomani aliyesuka naye nywele saluni moja, ndiye aliyeona.

"Yaya, dada yangu, unaomboleza bwana ama unachunga kitanda?"

Atuganile akamweleza.

"Filimbi iko ndani ya valizi? Na hii joto yote? Eish!" Gloriose akaweka chini sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, aliyoileta. "Sasa unangoja nini? Ongea na ule mzee."

"Ni shemeji yangu mkubwa, Gloriose. Nitaanzaje?"

"Anza na sombe. Mwanaume akishiba anasikia."

Japhet alikula, akanawa, akasikiliza. Halafu akasema polepole, "Shemeji, nyumba ya msiba haipigi muziki. Hata redio nimeizima."

"Si muziki, shemeji. Ni kazi haijakwisha."

"Kazi ya mtu huisha anapoishia mwenyewe."

"Ile si yake. Ni ya Bwana Naicker, yuko Johannesburg kwa binti yake, ametibiwa macho. Akirudi ataiulizia. Umefungia mali ya watu."

"Kweli, papa," Gloriose akadakia. "Kwetu Bukavu fundi nguo akikufa, nguo za batu zinarudishwa. Hatumuzike nazo."

"Kwenu Bukavu mnapiga na ngoma msibani."

"Na tunakula muzuri! Si umeona sombe?"

Japhet karibu atabasamu, akajizuia. Alitazama mikono yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine.

"Mnaniambia juu ya filimbi. Mimi daktari ameniambia juu ya vumbi. Kifua cha mdogo wangu kimeliwa na hiyo miti. Alikuwa na mkate wake kiwandani, miguu ya meza ingemtosha. Halafu mnataka niitoe, niiangalie, nifurahi?"

Hapo ndipo Atuganile alipofahamu kwamba kamba ile ya sandukuni haikufungwa na mila peke yake. Yeye naye alikuwa amekwisha kumwuliza Mungu swali lilelile. Alimwomba Ephraim mara ngapi apumzike, naye akasema, "Mke wangu, miguu ya meza naitengeneza kwa ajili ya tumbo. Hii namshukuru nayo aliyenipa mikono." Ungemwambia nini mtu wa hivyo?

Aliinuka, akalivuta sanduku, akaliweka miguuni pa shemeji yake.

"Ni kweli ilimla," alisema. "Lakini kilichobaki cha kifua chake kimo humo ndani. Fungua wewe. Na ukiiacha ipasuke, utamweleza mwenyewe siku mtakayokutana mbele za Bwana."

Gloriose alijishika mdomo. Japhet aliishika ile kamba. Akaifungua. Akaikunjua ile fulana, harufu ya mafuta ikapanda, na filimbi ikalala viganjani mwake, nyeusi, nyororo. Alipitisha kidole gumba kwenye tundu la mdomo, akalirudia tena, kama mtu anayepapasa uso gizani.

"Pumzi tu," alisema. "Isilie."

Kwa hilo hapakuwa na shida, maana Atuganile hakujua kuipiga. Asubuhi aliketi kwenye kochi, akaiweka mdomoni jinsi alivyomwona mumewe akiiweka miaka yote, akaziba matundu, na kuipa pumzi ya joto, taratibu, bila kuilenga kwenye ukingo wa tundu la mdomo. Haikutoka sauti. Kwa kuwa kukaa akihema tu kulimwonekea kama upuuzi, alianza kusali ndani yake kwa kunong'ona: kwa ajili ya Ephraim, kwa ajili ya mama mkwe nyumbani, kwa ajili ya Japhet aliyekaa kiti cha mbele akimlinda asije akavunja sharti. Akimaliza, anapitisha kitambaa, anapaka mafuta. Jioni tena. Siku hazikwenda nyingi, Japhet akawa ndiye anayeshika kile kijiti cha kitambaa.

Bwana Naicker alirudi kabla matanga hayajavunjwa. Alipanda ngazi akihema, na maua mkononi, miwani mipya myeusi usoni. Alimshika Atuganile mikono yote miwili. Walipompa filimbi alikwenda nayo dirishani, akachungulia ndani kipande kwa kipande, akaizungusha, akachungulia tena.

"Haina ufa," alisema mzee. "Hata mwembamba kama uzi."

Na kwa mazoea ya vidole akainyanyua hadi mdomoni.

"Eh, eh, papa!" Gloriose akaruka.

Japhet aliinua mkono. Alimweleza mgeni kwa Kiingereza chake cha mpakani kwamba nyumba ina msiba, na nyumba yenye msiba haipigi muziki. Bwana Naicker aliishusha mara moja, akainama, akaomba radhi. Alikuwa ameiviringisha tena na ameshika kitasa cha mlango Japhet alipoongeza, "Huko chini, kando ya bahari, si nyumba."

Mzee akashuka nayo.

Dirisha la sebuleni lilikuwa limeshikwa na kutu ya chumvi, halikuwa limefunguliwa tangu msiba uingie. Japhet alilisukuma, likagoma. Akalipiga kwa kiganja, mara, na tena, mpaka likaachia kwa kelele na upepo ukaingia ukapeperusha mapazia. Chini, ng'ambo ya barabara, waliona kichwa cheupe cha mzee, na kiwiko kimoja kimeinuliwa ubavuni.

Sauti ilifika vipande vipande. Upepo ulichukua nyingi, magari yakachukua nyingine.

"Ndiyo hiyo?" Japhet aliuliza.

"Ndiyo."

"Sikuwahi kuisikia. Nilidhani ina sauti nyembamba, kama zile za wachunga ng'ombe."

"Hapana. Ni nene."

"Ni nene," alikubali, na akasogea ili shemeji yake naye apate nafasi dirishani.