Mwalimu Alituita Wawili, Nikaenda Peke Yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, nimemwomba mhariri alifiche jina langu, na la mwenzangu nimelibadili. Nina miaka ishirini na mitatu, sijaolewa, nafundisha watoto wa darasa la kwanza karibu na Makambako. Watu huniita mwalimu, nami huitika.

Mimi na Debora tumezaliwa Kichiwa. Tulifaulu darasa la nne pamoja tukapelekwa shule ya kati ya wasichana huko Njombe, ya bweni. Kijijini Debora alikuwa akinishinda hesabu. Tulipofika darasa la tano masomo yakaanza kugeuka Kiingereza, nasi wote wawili tukazama. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa Debora. Kugawanya alijua, ila hakuelewa kama swali linamtaka agawanye au atoe. Alikaa tu, kalamu mkononi, mpaka kengele inapigwa.

Mwalimu wetu aliliona hilo mapema, mara tu baada ya mtihani wa kwanza. Siku moja tukitoka bustanini akaniita. Akasema, "Wewe na Debora mje kwangu kila siku mkimaliza kumwagilia. Nusu saa tu. Tukingoja mpaka darasa la nane tutakuwa tumechelewa. Mwambie mwenzako."

Sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikumchukia Debora, tulilala vitanda vilivyopakana, na kwenye baridi ya Juni tuliunganisha mablanketi. Nadhani nilitaka mtu mzima aniite mimi peke yangu. Nyumbani tulikuwa tisa.

Siku ya tatu Mwalimu akauliza, "Debora yuko wapi?"

Nikajibu, "Anasema hataki, Mwalimu."

Akasema, "Basi. Asiyetaka hasukumwi." Akafungua kitabu.

Debora nilimwambia naitwa kumsaidia Mwalimu kufagia. Aliamini. Kufikia mwisho wa mwaka mimi nilikuwa wa tisa, na jina lake lilisomwa miongoni mwa wasioendelea. Alikunja blanketi lake, hakulia. Aliniambia, "Wewe una akili. Mimi kichwa changu kizito, Mungu hakunipa." Nikambebea sanduku mpaka barabarani. Sikusikia kitu moyoni, na tangu hapo ndivyo nilivyo.

Baadaye kaka yangu, anayepasua mbao hapa Makambako, akamwoa. Kwa hiyo Debora ni wifi yangu, na hakuna anayenipenda kumzidi yeye. Nikiugua, uji wa kwanza hutoka kwake.

Mwaka huu mdogo wake, Yudita, ameingia darasa la tano, na muhula wa kwanza ameshika mkia. Alipokuja likizo kwa dada yake nilimwita kwangu, nikamfundisha maneno yale ya Kiingereza ya maswali ya hesabu, moja moja. Zilipopita wiki mbili alikuwa anafanya ukurasa mzima bila kuniuliza. Mtoto hana kasoro yoyote. Amepotea njia pale pale tulipopotea sisi.

Nikamweleza Debora. Akaendelea kuchambua maharage. "Wifi, usijichoshe. Damu yetu haina shule. Mimi nilijitahidi mpaka macho yakauma, na wewe ulikuwepo, uliona. Baba anakuja Jumamosi. Nataka wewe, kwa kuwa ni mwalimu na ni shahidi, umwambie amtoe huyu mtoto shuleni mapema asije akaaibika kama mimi. Kwako atasikia."

Nikasema nitafikiri. Yudita alikuwa mlangoni, amesikia yote. Tangu siku hiyo hajaja kwangu na daftari lake.

Nikisema tu kwamba mtoto anaweza, mzee, baba yao, ataniuliza, "Mbona dada yake alishindwa?" Debora atakuwa amekaa pale, naye atajibu kwamba ni kichwa chake. Nikikaa kimya baada ya jibu hilo, nitakuwa nimemdanganya mara ya pili. Nikisema kweli, huenda nikapoteza wifi, na kaka yangu akaingia katikati. Nimeandika barua hii bila chozi, na hilo nalo linanitisha.

Nyie mliosoma mpaka hapa, hasa mliowahi kuambiwa hamna akili: mngependa kuambiwa, hata baada ya miaka kumi? Nishaurini kabla ya Jumamosi. Nianze na mzee, au nianze na Debora?